Vichuguu vya Nampako

Sura ya Saba

Tuta la kwanza lilifumuliwa kwa jembe la kuazima, na aliyelishika jembe hilo alikuwa Inspekta Asifiwe Mwangoka mwenyewe, mpelelezi wa kituo cha Sumbawanga mjini, akiwa na viatu vya ofisini na koti lisilofua dafu mbele ya upepo wa Juni. Baridi ya Ufipa haina adabu kwa mtu yeyote. Koplo Zenon alikuwa ameomba apewe jembe, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa tena. Sasa alisimama pembeni, mikono mfukoni, akimtazama bosi wake anavyolima vibaya.

"Afande, unatafuta nini humo? Maiti ilishatoka, na ilitoka kwenye tuta lile kule."

"Ndiyo maana naanzia hapa," alisema Asifiwe. "Lile nimeliona. Haya mengine hakuna aliyeyatazama."

Bonde la Nampako, kando ya barabara iendayo Namanyere, lilijaa matuta ya duara, mengine ya kufika magotini, mengine kiunoni. Wafipa huyaita intumba. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima hukata majani, huyarundika, huyafunika kwa mabonge ya udongo na kuyaacha yaoze humo kwa miezi mingi. Msimu unaofuata huyatawanya na kupanda ulezi. Kwa mtu anayepita na gari lake, bonde zima huonekana limetelekezwa, halina shina la mahindi hata moja wala mtu wa kuulizwa.

Ndani ya mojawapo ya matuta hayo mbwa wa wachunga ng'ombe walikuwa wamefukua mkono wa Mathias Sikazwe. Mathias, kijana wa Kifipa kutoka Msanzi, alikuwa mpima udongo katika timu iliyokuwa ikichora ramani ya kanda za kilimo kwa ajili ya mpango wa ardhi wa wilaya: ardhi ipi iachiwe kilimo, ipi iwe malisho, ipi itolewe kwa shughuli nyingine. Shamba lilikuwa la mzee Adriano, na mzee Adriano alikuwa amewafokea watu wa ramani mbele ya kijiji kizima. Polisi walipofika, wakazungushia utepe na kuuliza shamba ni la nani, alijitokeza akasema ni lake. Kisha, bila kuulizwa, akasema na aliyemuua yule kijana ni yeye, kwa jembe.

Jioni ile ile alikuwa ameweka dole gumba kwenye maelezo ya onyo, karatasi ya kukiri kosa. Mkuu wa upelelezi akapumua. Jalada lilitakiwa kufika kwa mwanasheria wa serikali Jumatatu, na baada ya hapo mzee Adriano angeanza safari ambayo mwisho wake ni kitanzi au kifungo cha maisha.

"Muuaji kaja kwa miguu yake mwenyewe," mkuu alimwambia Asifiwe. "Unataka nini tena, akuletee na mashahidi?"

Asifiwe alitaka jeraha. Daktari alikuwa ameonyesha tundu la mviringo juu ya sikio la marehemu, tundu ambalo ungeweza kulifunika kwa kizibo cha soda. Jembe halitoboi hivyo. Mkuu alisema jembe lina mpini, na mpini ni wa mviringo, akafunga mjadala akaenda kula.

Kwa hiyo alikuwa bondeni, analima. Ndani ya tuta la kwanza udongo ulikuwa mweusi, laini, na majani yalikuwa yamebaki kumbukumbu tu. Akafumua la pili, akafumua na la tatu lililokuwa mbali na yale mengine. Yote yalikuwa vilevile: mabonge yamelazwa kifudifudi, upande wenye majani umeingia ndani, mizizi imetazama juu na kukauka. Kisha akaenda kwenye tuta la Mathias, ambalo polisi walikuwa wamelibomoa upande mmoja na kuuacha mwingine mzima. Akachuchumaa.

"Zenon, njoo. Nyumbani kwenu mlikuwa mnalima hivi?"

"Tangu naanza kutembea, afande."

"Hebu tazama hili."

Zenon alitazama. Siku ya kutoa maiti alikuwa amesimama hapo hapo na hakuona kitu, kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwa marehemu. Sasa aliona, na uso ukamshuka. Mabonge ya tuta lile yalikuwa yamewekwa chali. Majani yalikuwa juu, mengine bado yana ukijani, mengine yameanza kuota upya.

"Hili hakulifanya Mfipa," alisema.

"Labda alikuwa na haraka. Ametoka kuua mtu."

"Hata ukiwa na haraka, mkono unafanya ulichouzoesha. Ukilaza majani juu yanaota tena, afande, unakuwa umepanda magugu. Mzee Adriano hawezi. Hata akiwa amelewa hawezi."

Asifiwe alisimama akajikung'uta magoti. Aliyemfukia Mathias alijua kwamba matuta yale yametengenezwa na watu na kwamba ndani yake huwekwa kitu. Alijua hayo, lakini hakuwahi kutengeneza hata moja. Mtu wa namna hiyo hakuwa mkulima wa kijiji kile, na hakuwa mpita njia pia.

"Nani kati ya watu wa ramani si wa huku?" aliuliza.

Zenon alisita kidogo. "Yule mchoraji wao. Nikodemo. Ni wa kwenu, afande. Wa Tukuyu."

*

Timu ya ramani ilikuwa imepanga nyumba Sumbawanga mjini, nyumba yenye geti jekundu na bustani ambayo hakuna aliyeimwagilia. Nikodemo Mwasomola alimpokea Asifiwe mlangoni kwa salamu ya "Ugonile" ya nyumbani kwao, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Asifiwe aliitikia kwa Kiswahili.

"Dada, watu wa nyumbani hatupaswi kukutana kwa mambo kama haya," Nikodemo alisema akivuta kiti. "Mathias alikuwa kama mdogo wangu. Sijalala tangu siku ile."

"Pole. Kabla hatujakaa, naomba nione vifaa vyake."

Vifaa vilikuwa stoo. Vyuma vya kutobolea udongo, virefu kama fimbo za wachungaji na tupu katikati, vilisimama kwenye kona vikiwa vimegandwa na matope ya kila rangi, mekundu ya huku, meusi ya kule. Kimoja tu kiling'aa. Kilikuwa kimeoshwa na kupakwa mafuta. Asifiwe hakukigusa. Alimpa Zenon ishara ya jicho, na Zenon akabaki stoo.

Sebuleni ramani ilikuwa imetandazwa juu ya meza kubwa ya chakula, ikining'inia pembeni kama kitambaa. Sehemu za kilimo bora zilikuwa kijani, za malisho njano. Nampako ilikuwa kahawia, doa kubwa la kahawia katikati ya kijani.

"Nisomee hapa," alisema Asifiwe. "Miwani nimeisahau." Hakuwa na miwani yoyote.

"Eneo lenye vichuguu vingi. Halitumiki, halifai kilimo."

"Vichuguu. Mlivihesabu?"

Nikodemo alitabasamu. "Hapana, dada. Droni inapiga picha juu, mimi nachora mezani. Vinaonekana kama nukta. Halafu timu ilipouliza kijijini, wazee wenyewe walisema, pale hatulimi. Ipo kwenye taarifa."

"Walisema hatulimi, au mwaka huu hatulimi?"

"Kuna tofauti?"

Asifiwe aliacha swali hilo lipite. "Wewe ulifika Nampako?"

"Sijawahi kukanyaga. Kazi yangu ni ya mezani, nimeshasema."

"Na Mathias alikwenda mara ngapi?"

"Siku ile tu. Nampako ilikuwa ya mwisho kuchukuliwa udongo. Asubuhi tulikunywa chai pamoja gesti Namanyere tulikolala, akabeba chuma chake akaondoka. Sikumwona tena mpaka..." Alifuta macho. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo lilimkera Asifiwe zaidi kuliko yangekuwa ya uongo.

"Alikuwa anagombana na mtu?"

"Wale wanakijiji. Yule mzee. Dada, wale ni watu wa ajabu, mimi nakwambia. Unamwambia mtu ardhi yake imechoka, anakutazama kama umemtukana mama yake."

"Lakini ardhi haijachoka. Nimetoka huko asubuhi, nimelima. Ni nyeusi kama masizi."

"Ndiyo, matuta yale ndani yana mbolea," Nikodemo alisema haraka, kama mtu anayetaka kuonekana hakuachwa nyuma. "Majani yaliyooza. Juu yanaonekana makavu, lakini ukitoboa unakuta nyeusi tupu. Hilo tunalijua."

"Mnalijua. Mbona ramani inasema vichuguu?"

"Ramani ilishachapwa. Ilishawasilishwa."

"Nani alikwambia kwamba si vichuguu?"

"Mathias. Alitoboa mawili, akaona..."

Hapo alijikatiza. Nje kuna mtu alikuwa anapasua kuni.

"Alinipigia simu," alisema Nikodemo.

"Simu yake aliiacha inachajiwa gesti, chumbani kwa mama mwenye nyumba. Tuliichukua huko. Mathias alikwenda Nampako siku moja tu, na hakurudi. Mlipoagana asubuhi alikuwa bado hajatoboa kitu. Sasa nieleze, alikwambia saa ngapi, na mlikuwa mmesimama wapi?"

Nikodemo aliitazama ramani. Zenon alikuwa ametokea mlangoni, amekishika kile chuma kilichong'aa kwa kitambaa.

"Wanakijiji walimwona Mathias akishuka bondeni na chuma begani," Asifiwe aliendelea, kwa sauti ya chini. "Yeye hakurudi. Chuma kimerudi, kimeoga. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka Nikodemo. Hiyo ugonile yako ilitosha."

Nikodemo alipoanza, alisema na meza, si na wao. Mchana ule alikuwa amepeleka pikipiki ya mradi Nampako kumchukua Mathias, kwa sababu udongo wa mwisho ulikuwa unasubiriwa mjini. Akamkuta bondeni, amekaa juu ya tuta, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Akaniambia ramani yangu ni makosa. Nikamwambia ilishawasilishwa, waheshimiwa madiwani walishaipigia makofi ukumbini, pale pameshapangwa kuwa maghala ya mwekezaji. Akasema basi niende nikawaambie nimekosea. Mimi. Nisimame mbele ya ukumbi ule ule niseme sikujua tuta na kichuguu."

"Ungesema. Ingekuwa aibu ya siku moja."

"Alicheka, dada." Nikodemo aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema nimepewa digrii nikaja kuita jasho la babu zake kazi ya mchwa. Akasema atalisimulia Msanzi nzima. Chuma kilikuwa kimeegemea hapo."

"Hakuna aliyekulipa?"

"Hakuna."

Asifiwe alikuwa ametumaini kwamba kungekuwa na bahasha mahali fulani, mtu mkubwa, jambo la kustahili kumwagiwa damu. Hapakuwa na kitu. Kijana wa watu alikuwa amekufa ili mchoraji asichekwe. Alimwambia Zenon amfunge pingu, wakaondoka kwenda kituoni.

*

Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo ya Nikodemo akiwa amesimama, akakuna shingo, akasema vizuri, andika mzee atoke.

"Na ramani, afande?" aliuliza Asifiwe.

"Ramani imefanya nini?"

"Ina makosa. Muuaji mwenyewe amekiri kwamba ina makosa. Wakulima wa bonde lile watahamishwa kwa sababu ya nukta kwenye picha."

"Asifiwe, sisi tunapeleleza kifo. Kifo umekipata, hongera. Ramani ina wenyewe." Akaweka sahihi, akamrudishia karatasi. "Hata hivyo nimesikia ilishapitishwa Ijumaa. Waliharakisha, maana yule mpinzani mkuu alikuwa kwetu ndani."

Mahabusu palinuka mkojo na dawa ya kufukuza mkojo. Mzee Adriano alikuwa peke yake, ameketi sakafuni, amejifunika blanketi ambalo mkewe Cornelia alilileta. Cornelia mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi la kaunta tangu asubuhi, na Asifiwe alikuwa amempita bila kumwambia habari, akitaka mzee aisikie kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Tumempata aliyemuua Mathias. Ni mwenzao wa ramani. Amekiri, na chuma tunacho. Wewe unatoka leo."

Aliyategemea machozi, au dua, au basi hata kushangaa. Mzee Adriano alimtazama kama aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Mlimpataje?"

"Mabonge yaliwekwa chali."

Mzee alifumba macho. "Niliyaona siku ile ile," alisema. "Nikaomba Mungu msiyaone."

Zenon, aliyekuwa ameshika funguo, alisogea hatua moja karibu na nondo. "Mzee wangu, kwa nini? Ulijua si wewe, ukajua na ushahidi wa kukutoa, ukanyamaza. Unajua kesi ya kuua inavyoishia?"

"Wewe ndiye uliyeniambia," alisema mzee Adriano.

"Mimi?"

"Wewe, kijana. Ulizungushia shamba langu ule utepe ukasema kwa sauti, watu wote wanasikia, hili sasa ni eneo la kesi, asiguse mtu. Mpaka kesi iishe. Si ulisema?"

Zenon alimgeukia Asifiwe, kisha akamrudia mzee. Alisema, kwa shida, kwamba alisema.

"Jirani yangu Wilibrodi alikuwa na kesi ya mpaka kule baraza la ardhi. Miaka na miaka. Bwana shamba hakugusa, mtendaji hakugusa, wapimaji walikuja wakaambiwa pana kesi wakageuza gari. Ardhi yenye kesi haipimwi, haigawiwi. Kila mtu anajua." Alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Nikajiuliza, kesi ipi inachukua muda mrefu kuliko zote? Nikasikia kwamba ya kuua. Basi. Mimi nimeshazeeka. Wanangu wangeendelea kulima pembeni ya utepe mpaka mnihukumu, na baadaye kuna rufaa. Mambo hayo yangefika mbali. Huenda na watu wa ramani wangekuwa wamechoka."

Asifiwe alisimama hapo na karatasi ya kumwachia huru mkononi, na alitamani kwa moyo wake wote kwamba mzee yule awe amesema kweli. Angeweza kuondoka. Angeweza kumwachia Zenon. Lakini watu wengine walishamdanganya vya kutosha.

"Mzee, hiyo ni kesi ya baraza la ardhi, watu wakigombea shamba. Ya kuua ni kesi ya mtu. Haizuii shamba. Utepe ule ulikuwa wa lile tuta tu, mpaka tupige picha."

"Haizuii?"

"Haizuii. Hata ungehukumiwa, isingezuia."

"Lakini mlizungushia."

"Utepe ulishatolewa, mzee. Na mpango wao umepitishwa Ijumaa. Nampako imeandikwa haifai kilimo. Nimeomba waibadilishe, nimeambiwa si kazi yangu. Kuna njia ya kukata rufaa kwa wizara, nitakuelekeza, tutaandika, lakini sitaki kukudanganya kwamba..."

Hakumaliza, kwa sababu mzee Adriano alikuwa ameinua kiganja kumnyamazisha, kwa upole, jinsi mtu anavyomnyamazisha mgeni kanisani. Midomo yake ilikuwa inatembea, na Asifiwe hakujua kama anasali au anahesabu matuta.

"Wakati wanapitisha," aliuliza mwishoni, "kuna mtu wa kwetu aliyesimama kukataa?"

Asifiwe alikuwa amewauliza watu wa wilaya swali hilo hilo kwa simu, kabla ya kushuka mahabusu. "Walisema mtu wa kukataa alikuwa wewe. Na wewe umefungwa kwa kuua mpimaji. Watu waliogopa."

Zenon alifungua mlango wa chuma mpaka mwisho, akamsemesha mzee kwa Kifipa, maneno machache, ya chini, na humo Asifiwe alilisikia jina la Cornelia. Mzee Adriano aliinuka kwa kushika ukuta. Alikunja blanketi mara nne, vizuri, akalikumbatia, akaja mpaka kizingitini. Pale akasimama, akaangalia korido, akaangalia kaunta kule mwisho ambako mkewe alikuwa ameshaanza kuinuka kwenye benchi.

"Nitamwambia nini?" aliuliza.

Mzee alirudi nyuma hatua moja, akaweka blanketi chini, akanyoosha mkono wake kupitia nondo, akauvuta mlango kwa ndani mpaka ukajifunga.